Sura ya Sita: Nani Anamdai Nani?

Lalit Verma anagombana na lango la maua. Harusi ya binti yake imekaribia, nyumba yake ya Delhi inapambwa, na maua ya rangi ya chungwa yaliyofungwa langoni yanapukutika kabla wageni hawajaanza kushuka garini. Mpambaji mwenyewe haonekani. Akipigiwa simu anasema yuko njiani, dakika chache tu. Ndani, mke wa Lalit anajificha bafuni kuvuta sigara. Ndugu wanaanza kuwasili na mabegi yao, wanakumbatiana, wanataniana, wanasalimiana kwa lugha tatu kwa mpigo: Kihindi, Kipunjabi na Kiingereza. Mtazamaji aliyekaa kusubiri kuelezwa atasubiri sana. Huyu ni nani, na huyu ni nani kwake?

Ndivyo inavyoanza Monsoon Wedding, filamu ya Mira Nair ya mwaka 2001. Mwaka huohuo ilishinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice, ikiwa filamu ya pili kutoka India kuipata baada ya Aparajito ya Satyajit Ray mwaka 1957. Katika sura zilizotangulia tulifuatana na filamu za mtu mmoja: shujaa, lengo lake, na vikwazo vyake. Hii ni filamu ya ukoo. Haina nyota mmoja ambaye wengine wote wapo kumsindikiza, na mwongozaji anayejaribu kazi ya namna hii yumo hatarini kila dakika. Akizubaa kidogo, watazamaji wanachanganya majina, wanachoka, wanatoka nje kutafuta chai.

Watu wengi wakisimulia filamu za ukoo huanza na mapenzi. Fulani anampenda fulani, fulani kachumbiwa lakini moyo wake uko kwingine. Ni mwanzo mzuri, ila hauendi mbali. Mapenzi yanaeleza kwa nini watu wanakutana. Hayaelezi kwa nini watu waliochokana wanaendelea kukaa meza moja miaka 30. Kwa hilo inabidi kufungua daftari la madeni. Nani alimfadhili nani, lini, mbele ya macho ya nani, na mpaka leo amelipwa nini? Itazame Monsoon Wedding ukiwa na swali hilo mkononi, utaona kelele zile zote zina mpangilio.

Sari za ndugu

Nair alizaliwa Rourkela, mashariki mwa India, mwaka 1957, katika familia ya Kipunjabi. Mswada wa filamu uliandikwa na Sabrina Dhawan, aliyekuwa mwanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Walikuwa na fedha kidogo na muda kidogo zaidi: waigizaji 68, maonyesho 148, na siku 30 tu za kupiga picha. Ili mambo yaende, Nair aliwageukia watu wake. Sari, vito, picha za ukutani na samani unazoziona vilitoka kwa jamaa zake, na baadhi ya jamaa hao waliingia mbele ya kamera wenyewe. Kijana Varun, mtoto wa kiume wa Lalit, ameigizwa na mpwa wa Nair. Mkosi nao haukukosa: baadhi ya mikanda iliharibiwa na mashine ya ukaguzi ya uwanja wa ndege, ikabidi maonyesho hayo yarudiwe.

Mpigapicha Declan Quinn alitumia filamu nyembamba ya milimita 16 na kamera ya kushika mkononi. Kamera hiyo inapita kati ya watu kama mgeni aliyealikwa upande mmoja tu wa harusi. Inadaka nusu ya mazungumzo, inageuka kwa sababu kuna mtu amecheka chumba cha pili, inamkuta binti analia na kuondoka kwa haya. Hatupewi utangulizi wa mtu yeyote. Tunawajua watu hawa kwa namna wanavyosalimiana: nani anainama kugusa miguu ya nani, nani anakumbatia kwa nguvu, na nani anajikunja kidogo anaposhikwa bega. Hilo la mwisho likumbuke.

Nair anazijua familia zilizotawanyika. Mwaka 1991 alitoa Mississippi Masala, habari ya familia ya Kihindi iliyofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 na kuishia kusini mwa Marekani. Utafiti wa filamu hiyo ndio uliomfikisha Kampala na kumkutanisha na mumewe, Profesa Mahmood Mamdani, ambaye wasomi wa Dar es Salaam wa miaka ya 1970 wanamkumbuka kama mwalimu. Baadaye alianzisha Maisha Film Lab, inayowanoa watengenezaji wa filamu wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda. Kwa hiyo wageni wa harusi ya Delhi wanapotoka Marekani, Australia na Oman, kwake hilo ni jambo la kila siku. Ukoo wa namna hii hukutana kwenye harusi na msiba tu, na kila anayekuja huja na vitu viwili: zawadi iliyofungwa kwenye karatasi, na hesabu ya zamani ambayo haijafungwa.

Anachodaiwa Lalit

Tuanze na baba mwenye nyumba, aliyeigizwa na Naseeruddin Shah kwa ustadi unaoweza kukupita kwa sababu hapigi makelele ya uigizaji. Lalit ni mfanyabiashara anayeonekana kujiweza. Ana nyumba nzuri, ana marafiki wa kucheza nao gofu. Harusi hii inamzidi kimo. Anahangaika kutafuta fedha, anabishana na mpambaji kuhusu bei ya turubai la kuzuia mvua, na turubai linapoletwa jeupe anafoka kama kuna aliyekufa. Ni kichekesho, na ukumbi mzima hucheka hapo. Lakini ndani ya kicheko hicho kuna mzazi anayejua kwamba ndugu wote wanakuja kukagua amefika wapi maishani. Harusi ya binti ni taarifa ya hesabu inayosomwa hadharani.

Deni lake la pili ni kwa watoto. Ria, aliyeigizwa na Shefali Shah, ni binti wa ndugu yake aliyefariki. Lalit amemlea pamoja na wanawe, na nyumbani humo hakuna anayemtenga. Hajaolewa, anataka kusoma uandishi Marekani, na kila shangazi anayepita humkumbusha umri wake. Aditi, bibi harusi mwenyewe, amekubali kuolewa na Hemant, mhandisi anayeishi Houston, baada ya kufahamiana naye kwa wiki chache. Kisa ni kwamba amechoka kumngoja Vikram, mtangazaji wa televisheni mwenye mke, ambaye kila siku yuko karibu kumwacha mkewe na kila siku hamwachi.

Utatu huo wa Aditi, Vikram na Hemant ndio ambao mwandishi wa tamthilia angeuvuta kwa vipindi 40. Nair anaumaliza mapema. Usiku mmoja Aditi anatoroka kwenda kuonana na Vikram garini, polisi wanawafumania, na katika vurugu hiyo binti anamwona mpenzi wake anahangaikia simu ya kumtuliza mke. Inatosha. Anamwacha hapohapo, kisha anafanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba: anamweleza mchumba wake yote, tena siku chache kabla ya ndoa. Hemant anakasirika, anaondoka, anarudi. Anasema kwamba ndoa yoyote ni bahati nasibu, iwe imepangwa na wazazi au na wenyewe, na kwamba ukweli ule umempa sababu ya kumwamini. Deni la Aditi lilikuwa ukweli. Amelipa taslimu, na hesabu imefungwa. Wakati huo filamu bado ina safari ndefu, na mtazamaji makini anaanza kujiuliza ni deni gani jingine linalongoja.

Zawadi ya Tej

Katika wageni waliotoka Marekani yumo Tej Puri, shemeji wa Lalit. Rajat Kapoor anamwigiza kama mtu mpole, nadhifu, mwenye sauti ya chini. Kila mtu anamheshimu, na heshima hiyo ina historia. Familia nyingi za Kipunjabi za Delhi zilifika huko baada ya mgawanyo wa India na Pakistan mwaka 1947, zikiwa zimeacha mashamba na nyumba upande wa pili, na zilisimama tena kwa kubebana ndugu kwa ndugu. Tej ndiye aliyewabeba akina Verma walipokuwa chini. Lalit hasahau, na hataki watoto wake wasahau.

Tazama jinsi anavyopokelewa. Lalit anakaribia kutokwa machozi. Ria anasimama kando, mwili umekakamaa, anamwangalia Tej anavyompapasa kichwa Aliya, binamu yake mdogo wa miaka kumi hivi. Hakuna neno linalosemwa. Ukiwa unafuatilia mapenzi tu, utadhani Ria ana wivu, au ni msichana mwenye maringo. Watu wa nyumba hiyo nao wanadhani hivyohivyo.

Kisha linakuja tukio ambalo kwangu ndilo lililobeba filamu nzima. Mbele ya ndugu waliokusanyika, Tej anatangaza kwamba atagharamia masomo ya Ria huko Marekani. Vifijo vinalipuka. Lalit anazidiwa na shukrani. Ria amekaa katikati ya furaha ile, uso umekauka, na wote wanamgeukia yeye, kwa kuwa ni zamu yake kushukuru. Mtu akitazama kwa haraka ataona mfadhili na msichana mwenye bahati. Miaka mingi nyuma, Ria akiwa mtoto, mtu huyu alimdhalilisha kingono. Sasa anamnunua hadharani, kwa bei ambayo baba mlezi wake asingeimudu, na mashahidi wanapiga makofi.

Hapo ndipo utagundua kwa nini siri hii imedumu. Si kwamba hakuna aliyekuwa macho. Fadhila ilikuwa imeshawafumba wote macho kabla. Wahenga wetu walisema ndugu ni kufaana, si kufanana; Tej aliwafaa kwelikweli, na kufaa kwake ndiko kulikomlinda. Mtu anayekudai ni vigumu kumtuhumu. Ukimtuhumu, utaulizwa kwanza kama umeshalipa.

Ria anaendelea kunyamaza mpaka usiku Tej anapotaka kumchukua Aliya kwenye gari lake, wao wawili peke yao. Anakimbia, anasimama mbele ya gari, anamtoa mtoto, na anayasema mbele ya kila mtu. Mke wa Tej anamkana palepale. Kuna anayemrudishia kasoro yake ya kutoolewa, kana kwamba ndiyo iliyomtuma kusema. Ria anaondoka nyumbani. Lalit amesimama na mikono yake mitupu, ameshikwa na pande zote mbili.

Nje ya turubai

Filamu isiyojua kupumzisha watu ingetuacha hapo tuzame. Nair anatuhamisha kwa Dubey, yule mpambaji wa lango lililopukutika, aliyeigizwa na Vijay Raaz. Ni mbishi, ana simu mkononi saa zote, anatafuna maua ya mapambo yake mwenyewe akiwa na mawazo. Anampenda Alice, dada wa kazi wa nyumba ya akina Verma. Tillotama Shome, ambaye hii ilikuwa filamu yake ya kwanza, anamwigiza Alice karibu bila maneno.

Siku moja Alice anajaribu vito vya bibi harusi mbele ya kioo, kwa dakika ambazo hakuna anayemtuma kazi. Vibarua wa Dubey wanamwona kupitia dirishani na kumdhania mwizi. Fikiria tofauti iliyopo. Ndani ya nyumba hiyo mtu mwenye hatia halisi hashukiwi kwa sababu ni mfadhili. Msichana asiye na hatia anashukiwa mara moja kwa sababu hakuna anayedaiwa naye chochote. Visa hivi viwili havikutani hata mara moja kwenye mazungumzo. Vimewekwa jirani tu, na anayejua kutazama atavisoma pamoja.

Baadaye Dubey anamwomba Alice msamaha na posa kwa wakati mmoja, akiwa na moyo uliotengenezwa kwa maua. Mapenzi yao hayana mjomba, hayana mkopo, hayana wa kumridhisha. Ndiyo sababu yanakwenda haraka na yanapendeza, na ndiyo sababu pia hayana uzito wa kisa cha Ria. Kisa cha Rahul, kijana aliyetoka Australia na kugeuzwa mzaha wa nyumba kwa Kihindi chake kibovu, na Ayesha anayemchezea shere, ni chepesi zaidi. Kazi yake ni kuonyesha kwamba si kila jozi kwenye harusi inahitaji historia.

Karamu ya Denmark

Miaka mitatu kabla, mwaka 1998, Thomas Vinterberg wa Denmark alitoa Festen. Nayo ilipigwa kwa kamera ya mkononi, nayo ina nyumba moja, wageni wengi na siri ya aina ileile. Baba anatimiza miaka 60. Mwanawe mkubwa, Christian, anasimama na glasi mkononi kutoa hotuba, na hotuba hiyo inaeleza baba alichowafanyia yeye na pacha wake, ambaye sasa ni marehemu. Wageni wanaendelea kula. Anasema tena. Wanaendelea kula.

Anayewazuia wasikimbie ni mpishi, rafiki wa Christian tangu utotoni, ambaye anaamuru funguo za magari zifichwe. Katika nyumba hiyo, basi, watu wa jikoni wanajua zaidi ya watu wa mezani. Tofauti yake kubwa na nyumba ya Delhi ni mwelekeo wa deni. Kule Denmark mkosaji ndiye mwenye nyumba; anayetaka ukweli lazima amwangushe aliye kileleni, na ukweli ukishakubalika mzee anatakiwa kuondoka mezani kwake mwenyewe. Huko Delhi mkosaji ni mgeni, na mwenye nyumba ni mtu mwema. Vinterberg anauliza kama watoto wanaweza kumshinda baba mbaya. Nair anauliza swali ambalo wengi wetu tuko karibu nalo zaidi: mtu mwema aliyefadhiliwa na mtu mbaya afanye nini?

Kulipa na kukataa kulipa

Usiku ule Lalit analia mbele ya mkewe. Naseeruddin Shah anafanya kilio hicho kwa namna ya mwanamume asiyezoea. Hajui aweke wapi mikono. Siku inayofuata anamwendea Ria na kumsihi arudi nyumbani. Hamwahidi chochote. Anakiri tu kwamba familia hii ndiyo kila kitu kwake, na kwamba bila yeye Ria haijakamilika. Ria anarudi, na Tej bado yupo, amevaa vizuri, anangoja sherehe. Kwa dakika kadhaa inaonekana kama hadithi itaisha inavyoisha katika nyumba nyingi: msichana karudi, harusi isiharibike, mengine tutaongea baadaye.

Kisha, katikati ya matayarisho, ndugu wote wakiwapo, Lalit anamgeukia shemeji yake. Hapandishi sauti. Anaanza kwa kumshukuru, anaitaja fadhila aliyowatendea, haipunguzi. Halafu anamwomba yeye na mkewe waondoke. Watoto wake, anasema, atawalinda, hata ikibidi awalinde dhidi yake mwenyewe.

Angalia alivyoanza. Angeweza kumtukana Tej, na ukumbi mzima ungeshangilia. Angeweza kudai kwamba msaada ule wa zamani haukuwa kitu. Badala yake analitambua deni lote, kubwa kama lilivyo, na anakataa kulilipa kwa mtoto. Tumezoea kuambiwa dawa ya deni kulipa. Lalit anafika mahali ambapo dawa hiyo ni sumu, naye anachagua kubaki mdaiwa maisha yake yote, mbele ya ukoo mzima, kuliko kulipa kwa fedha ile. Kwa mtu ambaye tangu mwanzo alikuwa anahangaikia turubai lisimwaibishe, hakuna gharama kubwa kuliko hiyo.

Baada ya hapo mvua inanyesha, ngoma inapigwa, Dubey na Alice wanafunga ndoa yao ndogo na kukaribishwa kwenye kubwa. Watu hutoka wakisema ni filamu ya furaha, na hawakosei. Ila lisomeni daftari tena mkishamaliza kucheza. Dada mmoja wa ukoo ameondoka na mume anayemtetea, na mlango huo huenda usifunguke tena. Ada ya Ria iliyotangazwa kwa vifijo imetoka langoni pamoja na aliyeiahidi. Haki imemrudishia heshima na kumwondolea masomo, na filamu haishughuliki kutuambia nani atalipa. Lalit naye sasa anadaiwa na mtu mwingine, binti aliyekaa kimya miaka yote hiyo ndani ya nyumba yake ili asimvunjie baba mlezi wake shukrani.

Basi ukikutana na filamu nyingine yenye watu wengi kiasi cha kukuchosha, acha kuhangaika na majina. Subiri mtu mmoja atoe zawadi mbele ya wengine, kisha umwangalie anayepokea. Kama anacheka na macho yake hayacheki, umeshaipata hadithi, na uwezekano ni mkubwa kwamba mwongozaji amekuwa akikungojea hapo tangu mwanzo.